Mtu wa Upande wa Pili wa Chuma

Saa mbili asubuhi, mwezi wa Januari, na nje bado giza. Krijn Wisse anashuka ngazi ya chuma kinyumenyume, taa kipajini, chupa ya kahawa kwapani. Anapita chini ya sitaha, anapita kando ya mnara wa mzinga, anazidi kushuka mpaka ngama, tumbo la meli, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama wima. Anatandika kipande cha zulia kuukuu, anapiga magoti, anachukua nyundo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kutu inabanduka na kumwangukia mapajani kama ukoko wa sufuria. Anaipukuta, anasogeza zulia, anagonga tena. Kila baada ya mapigo machache anatulia na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyebisha hodi akawa anangoja aitikiwe.

"Mazoea tu," anasema anapoulizwa anasikiliza nini. "Zamani kulikuwa na mtu upande wa pili."

Krijn ana umri wa miaka sitini na sita. Ndiye mfanyakazi pekee wa kudumu wa Steenbok, manowari ya deraya iliyofungwa gatini katika mji mdogo wa Westersluis, Uholanzi. Meli hiyo iliundwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Ubavuni ilivishwa chuma kinene kama kiganja kilivyo kirefu, na puani ikapewa pembe ya kutobolea meli za adui. Adui hakuja. Ikakaa ikimngoja miaka na miaka, ikageuzwa bweni la mabaharia wanafunzi, kisha ghala, kisha ikasahauliwa, mpaka wakazi wa Westersluis walipochangishana na kuifanya makumbusho.

Kiangazi watoto hujaa sitahani, wanapanda mzinga, wanabandika chingamu mdomoni mwake. Krijn huwagombeza na wao humcheka. Oktoba milango hufungwa mpaka Pasaka. Kuanzia hapo humo ndani hubaki yeye, pampu ya maji na redio ambayo hushika stesheni moja tu, ya nyimbo za kanisani.

"Upweke?" Anafikiri kidogo. "Naam, upo. Watu husema mtu huuzoea. Uongo mtupu. Mtu huchoka kuulalamikia, basi."

Hajaoa. Ukimwuliza sababu anasema alichelewa, halafu anabadilisha mazungumzo. Hulala humo humo melini, katika chumba kilichokuwa cha msaidizi wa nahodha, chenye kitanda chembamba kiasi kwamba hata paka wa bandarini alikijaribu usiku mmoja akahama. Anapata chumba hicho bure pamoja na posho isiyotosha kununua baiskeli mpya. Kwa miaka ishirini na saba hajawahi kudai zaidi.

Anachokidai sasa ni kitu kingine, na siku za kukipata zimebaki chache. Anahitaji mshikizi kabla ya Ijumaa.

Steenbok haikuungwa kwa kuchomelewa. Iliungwa kwa ribiti, vipande vinene vya chuma kama vidole gumba, ambavyo huchomwa hadi viwe vyekundu, vikapitishwa kwenye tundu la mabamba mawili na kupondwa kichwa kabla havijapoa. Kazi hiyo haifanyiki na mtu mmoja hata awe na nguvu za Firauni. Mshikizi hukaa ndani ya meli na jiko dogo la gesi. Huichoma ribiti, huipenyeza tunduni, kisha huikandamiza kwa gogo la chuma kwa uzito wake wote. Nje, upande wa pili, fundi huipiga nyundo. Hawaonani. Husikilizana kwa kugonga tu.

"Nikigonga mara moja, maana yake shikilia," anaeleza Krijn. "Mbili, lete nyingine. Tatu, kahawa. Ya kahawa haikuhitaji kurudiwa hata siku moja."

Aprili meli itavutwa kwenda gudini, mahali pa kukarabatia meli nchi kavu, na ribiti mia mbili na ushei za tumboni lazima zibadilishwe. Zimeliwa na kutu. Kamati inayoimiliki meli itakutana Ijumaa hii, na imemtaka Krijn ataje jina la mtu atakayemshikia. Akikosa, mafundi wa kuchomelea kutoka mji mkubwa watapewa kazi hiyo. Watakata mabamba ya kale na kubandika mapya, na Steenbok haitahitaji tena fundi wa ribiti anayelala ndani yake. Chumba chake tayari kimeshapimwa. Kitakuwa mahali pa wageni kunywea chai.

Mwenyekiti wa kamati, Marleen Poppe, ni daktari wa meno, mama mwenye sauti ya taratibu ya watu waliozoea kusema "haitauma". Hafurahii jambo hili na hafichi.

"Mimi nampenda Krijn, na andika hivyo hivyo," anasema. "Lakini maji hayana mapenzi na mtu. Ribiti zikiachia, meli itakaa kwenye matope. Nafasi ya gudini ikitupita, tutangoja miaka mitatu mingine, na miaka mitatu haiwezi. Nimemwambia, 'Krijn, niletee mtu mmoja tu. Mmoja!' Ananiitikia ndiyo, ndiyo, halafu anarudi chini kugonga."

Si kwamba hakutafuta. Alibandika tangazo dukani, katikati ya tangazo la paka aliyepotea na la kitanda cha mtoto. Akaja mwalimu mstaafu mwenye shauku kubwa na ovaroli mpya. Alidumu mpaka mapumziko ya kwanza. Akaja bwana mmoja mwenye misuli ambaye, alipofungiwa ndani ya ngama na jiko linanguruma, aligundua kwamba anaogopa mahali pembamba.

"Alitoka mbio kuliko ribiti," anasema Krijn, na anacheka peke yake. "Masikini. Nilimpa biskuti."

Ukweli ni kwamba mji mzima unajua jina la mshikizi. Krijn pia analijua. Anaitwa Ko Dingemanse, anakaa mwendo mfupi wa baiskeli kutoka gatini, ana mikono miwili mizima na mabega ya maksai. Aliishikia Steenbok kwa miaka kumi na tisa. Kwa miezi kumi na minne sasa hajakanyaga sitaha yake, na hawa wawili wakikutana sokoni kila mmoja huyageukia maparachichi.

Chanzo cha uhasama huo ni chakula cha jioni. Tena kababu moja na viazi vitatu.

Ilikuwa Novemba, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Krijn alikuwa ameshamenya viazi vyake na kababu iko kikaangoni. Ko akatokea chumbani bila miadi, bila simu, akakaa kwenye benchi, koti mwilini. Wakazungumza hali ya hewa. Wakazungumza pampu. Kengele ya kanisa ilipogonga saa kumi na mbili, Krijn akajipiga mapaja kwa viganja viwili, akasema, "Haya, basi!"

Mtu yeyote wa Westersluis anajua maana ya viganja hivyo. Saa kumi na mbili ni saa ya kula, na chakula kimepikwa kwa idadi ya waliopo. Mgeni huinuka, hushukuru, huenda zake, wala hakuna aliyemfukuza mwenzake. Ko akainuka. Akashukuru. Akaenda zake.

Mchana wa siku ile Ko alikuwa ametoka hospitali. Mkewe, Pieternel, alikuwa ameambiwa hataiona Krismasi, na kweli hakuiona.

Kwetu sisi, jamani, kesi hii isingefika popote. Sahani moja ya ziada ingeimaliza kabla haijaanza, na kama chakula hakitoshi, maji yangeongezwa kwenye mchuzi. Lakini huko ndiko walikozaliwa, na huko sheria ni sheria. Neeltje, anayekatisha tiketi kwenye kibanda cha gatini na ambaye ndiye aliyemfikishia Krijn habari za hospitali baada ya wiki mbili, anamtetea Krijn kwa moyo wake wote.

"Ko angepiga simu!" anasema, mikono kiunoni. "Simu ipo. Unamwingiliaje mtu kasorobo? Hata mama yangu mzazi siendi kwake kasorobo. Krijn ana kosa gani? Alikuwa na viazi vitatu. Angemkatia robo tatu?"

"Kwa hiyo unamlaumu Ko?"

Neeltje anashusha mikono. "Aa, simlaumu. Mtu ametoka kuambiwa mkewe anakufa, atakumbuka saa?" Anapanga tiketi zake. "Sijui, bwana. Huwa nawafikiria wote wawili nikiwa nafunga kibanda, na naona uchungu."

Krijn mwenyewe, akiulizwa, anapandwa na hasira ya mtu aliyeshajibishana na nafsi yake mara nyingi.

"Alikuja kasorobo! Nani anakuja kasorobo? Ningejuaje mimi? Aliketi pale akazungumzia mvua. Mimi si mganga wa kusoma nyuso. Miaka yote ile uso wake nilikuwa siuoni, yuko ndani, mimi niko nje. Tukiwa na chuma katikati tulielewana vizuri kabisa. Kikitoka chuma, tunazungumza hali ya hewa."

Alikwenda mazikoni. Alipanga foleni kama wengine, akampa Ko mkono, akasema pole, akala kipande cha keki na kunywa kikombe cha kahawa alichopewa. Ko alisema asante. Baada ya hapo Ko hakuonekana tena melini, na Krijn akaanza kugonga na kusikiliza ukuta.

Jumatatu wiki hii, Ko Dingemanse alimpokea mwandishi wa makala haya nyumbani kwake. Kwa miadi, saa nne asubuhi. Ni mtu mkubwa, taratibu, mwenye alama ndogo za moto kwenye vidole. Alimimina kahawa, akafungua kopo, akatoa biskuti moja, akalifunga kopo.

"Viazi vyake sikuvitaka," alisema. "Wanazunguka mjini wanasema nilikasirikia viazi. Mimi? Nilikuwa hata sisikii njaa."

"Ulikasirikia nini, basi?"

Ko aligeuka kuangalia dirishani. Pazia zake hazijafungwa, kama za nyumba zote za mtaa ule.

"Nilikaa na koti langu," alisema. "Ndani ya kile chumba chenye joto la kuivisha mkate, nimekaa na koti, vifungo vyote nimefunga. Mtu anakaa na koti kwako, humuulizi una nini? Nilikwenda kwake kwa sababu sikuweza kurudi hapa. Ningeanza vipi? Nilikuwa nangoja aniulize. Akanipigia mapaja."

"Akija leo kukuuliza?"

"Atanikuta. Mimi naenda wapi?" Kisha, akiwa tayari amekwishainuka kukusanya vikombe, akauliza huku amegeuza mgongo, "Ameshapata mshikizi?"

"Bado."

"Mm," alisema Ko.

Mwandishi si mshenga na hakubeba maneno ya mtu. Lakini Krijn aliona baiskeli ya mwandishi inatokea upande gani, na mchana ule ule akiwa ngamani aliuliza, bila kunyanyua macho kutoka kwenye kutu, "Anaendeleaje?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimekuuliza wewe."

"Na mimi nimekujibu."

Krijn alitukana kwa Kizilandi, lugha ya kwao, matusi mafupi yenye chumvi, akaendelea kugonga. Alikuwa amebakiwa na siku nne.

Kilichotokea Jumanne alikisimulia mwenyewe kesho yake, na Ko hakukikanusha.

Jioni alipanga kumenya viazi kama kawaida. Akashika kisu. Akakiweka. Saa kumi na mbili kasorobo akavaa koti, akashuka gatini, akapanda baiskeli. Hakupiga simu. "Ningepiga simu angenipangia siku," anasema. "Angenipangia wiki ijayo, na kamati inakaa Ijumaa."

Alifika kengele ya kanisa ikilia. Mtaa mzima umewashwa taa, pazia wazi, na kila dirishani watu wako mezani. Katika dirisha la Ko kulikuwa na mtu mmoja, sahani moja na kiti cha pili kilichosukumwa mpaka ndani ya meza. Ko alikuwa anakula akiwa ameelekea kiti kile.

"Nikapita," anasema Krijn. "Nikaenda hadi kona. Nikageuza, nikapita tena. Mama wa nyumba ya jirani akaniangalia kama mwizi. Haki yake. Mtu gani mwenye akili timamu yuko barabarani saa kumi na mbili? Moyo unanipiga utadhani naenda kuposa."

Mara ya tatu akabonyeza kengele. Ko akafungua mlango, uma mkononi.

"Tunakula," alisema Ko.

Tunakula. Hivyo ndivyo alivyosema, na yuko peke yake. Krijn anasema neno hilo lilimchoma kuliko ribiti yoyote iliyowahi kumwangukia.

"Najua," alimjibu. "Ndiyo maana nimekuja sasa hivi."

Wakasimama. Upepo ukawa unaingia ndani na kupeperusha makoti ya ukumbini, na moja lilikuwa la kike. Krijn alikuwa amejiandalia hotuba ndefu njiani: gudi, ribiti mia mbili, kamati, wachomeleaji, chumba chake. Alikuwa ameipanga kama wakili. Badala yake alisikia mdomo wake unasema kitu kingine.

"Siku ile ulikaa na koti. Ulikuja kuniambia nini?"

Ko alimtazama kutoka utosini mpaka miguuni.

"Vua viatu," alisema mwishowe. "Vimejaa kutu."

Chakula kilikuwa viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma wiki, na soseji moja. Ko akachukua kisu akaigawa soseji katikati, akapima kwa jicho, akampa mgeni upande mkubwa. Akakivuta kile kiti cha pili. Krijn alikataa kukikalia. Ko akamwambia kaa, bwana wewe, kiti ni kiti. Akakaa.

Ndipo Ko akasema alichotaka kusema Novemba ile. Alieleza daktari alivaa nini. Alieleza Pieternel alivyomgeukia pale pale na kumwuliza kama amekumbuka kuzima jiko nyumbani, na yeye hakukumbuka, na jinsi walivyogombana juu ya jiko garini njia nzima kwa sababu jambo lile jingine halikugombaneka. Alieleza wiki sita zilizofuata, moja moja. Krijn alikuwa anauliza tu, "Halafu?" na Ko anaendelea.

"Nilikuwa simjui," anasema Krijn. "Pieternel. Nilimjua wa kumpungia mkono. Jana nimemjua, na hayupo."

Sasa ni Jumatano asubuhi, na anayasimulia haya akiwa amepiga magoti juu ya zulia lake ndani ya ngama. Macho yamemvimba kidogo. Anasema ni vumbi la kutu. Amekwishagonga bamba zima tangu saa mbili, na leo, kwa mara ya kwanza tangu mwandishi aanze kuja hapa, hajatulia hata mara moja kusikiliza.

"Na gudi?" anaulizwa. "Amekubali kukushikia?"

Nyundo inabaki hewani.

Krijn anaitazama. Anaiteremsha polepole mpaka sakafuni.

"Sikumwuliza," anasema.

"Hukumwuliza kabisa?"

"Ilinitoka." Anajipiga kofi la kipajini, taa inaanguka. "Ee Mungu wangu. Nimekaa pale jioni nzima. Nimeosha vyombo. Nimevaa viatu. Nimesema kwaheri mlangoni. Nilikwenda kwa ajili hiyo, na ikanitoka!"

Halafu anaanza kucheka. Anacheka akiwa amejiegemeza kwenye mabamba ya Steenbok, mabega yanaruka, kikohozi kinamshika, mpaka inakuwa vigumu kujua kama bado ni kicheko. Anajifuta uso kwa mkono wa ovaroli na kujipaka wekundu kuanzia shavuni hadi sikioni.

"Kamati ni keshokutwa, Krijn."

"Najua ni keshokutwa. Nihesabie na miaka yangu ukitaka." Anaokota taa, anaifunga tena kipajini, anaichukua nyundo. "Nitamwuliza kesho. Kesho narudi."

"Umempigia simu?"

"Simu ya nini? Mwenyewe kaniambia mlangoni nije kesho, kwa sababu kesho anapika supu ya njegere." Anavuta pumzi, anasogeza zulia kwenye bamba linalofuata. "Na supu ya njegere, bwana, haijapata kupikwa ya mtu mmoja."